Shokapu: maana, matumizi na matunzo yake

shokapu nm [i-/zi-] (wingi: shokapu, katika mazungumzo pia *mashokapu*)

1. Kifaa cha gari au pikipiki chenye mtungi wa mafuta na fimbo ya chuma, kinachotuliza mchezo wa springi baada ya gurudumu kupita penye shimo au tuta. *Shokapu ya nyuma inavuja mafuta.*

2. (katika gereji) Mhimili mzima wa gurudumu la mbele: mtungi, springi inayouzunguka, raba zake na kitako chake cha juu. *Fundi ameshusha shokapu ya kulia ili abadilishe springi.*

Visawe: *shokomzoba*, kwa maana ya 2, *straati*.

Asili na maumbo ya neno

Neno hili limetokana na istilahi ya Kiingereza yenye sehemu mbili, ya kwanza ikimaanisha mshtuko na ya pili kifyonzaji. Kiswahili kimelipokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza imelibeba neno zima na kulilainisha: konsonanti *b* na *z* zilizofuatana, ambazo ulimi wa Mswahili hauzipendi, zikageuka *mz*, mfuatano tuliouzoea katika *mzazi* na *mzigo*. Ndipo ikapatikana *shokomzoba*, umbo linalopatikana kamusini. Njia ya pili imelikata neno katikati na kulifunga kwa irabu, ikapatikana *shokapu*, umbo linalotawala gereji na maduka ya spea nchini Tanzania.

Maumbo yote mawili ni sahihi. Katika maandishi rasmi, *shokomzoba* halitiliwi shaka. Katika maelekezo ya fundi, tangazo la biashara au hadithi yenye mazungumzo, *shokapu* ndilo litakaloeleweka upesi. Kisichofaa ni kuliandika kwa tahajia ya Kiingereza na kulitenga maneno mawili, kana kwamba lingali geni. Wapo pia wanaopendelea neno la kubuni *kifyonzamshtuko*. Ni neno lenye sura nzuri, lakini limerithi kosa la lugha lilikotoka, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kitu chenyewe

Springi na shokapu hufanya kazi mbili tofauti, nazo huchanganywa mno. Gurudumu linapotumbukia shimoni, anayeupokea mshtuko ni springi: hujibana, ikaiweka nguvu ile ndani yake. Lakini springi haijui kusahau. Ikiachwa peke yake itairudisha nguvu ile kwa kunyanyuka, kisha itashuka, kisha itanyanyuka tena. Hapo ndipo shokapu huingia. Ndani ya mtungi wake mna pistoni yenye matundu membamba na vali, nayo hulazimika kupita katika mafuta. Mafuta hukataa kupita upesi. Katika kukataa huko, mwendo hugeuka joto, na joto hutoka nje kupitia ukuta wa mtungi. Kwa hiyo shokapu haifyonzi mshtuko. Hutuliza mtikisiko unaoufuata. Aliyelielewa jambo hili hatastaajabu akiambiwa kwamba gari lenye shokapu zilizokufa laweza kuonekana laini mjini, ilhali ni la hatari barabara kuu.

Shokapu nyingi za leo hutiwa pia gesi ya naitrojeni. Watu husema *shokapu ya gesi* wakidhani haina mafuta. Sivyo. Mafuta yamo, kazi ya gesi ni kuyakandamiza yasitoe povu pistoni inapokwenda mbio, kwa kuwa povu halina ukinzani.

Shokapu ya kawaida na straati

Tofauti hii ndiyo chanzo cha hasara nyingi kwa mnunuzi. Shokapu ya maana ya 1 hutuliza tu. Ukiitoa, gurudumu hubaki mahali pake. Straati ni zaidi ya hapo. Hubeba uzito wa gari kupitia springi, hulishika gurudumu lisimame wima, na hugeuka pamoja nalo dereva azungushapo usukani. Mpangilio huu hujulikana kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni katika miaka ya 1940, kwanza akiwa General Motors, kisha Ford. Magari ya Ford Consul na Zephyr, yaliyooneshwa Uingereza mwaka 1950, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia. Ni mpangilio mwepesi, wa gharama ndogo, unaoiachia injini nafasi; kwa sababu hiyo umeenea katika magari madogo ya dunia nzima.

Magari mengi madogo yaliyotumika Japani na kuletwa Tanzania yana straati mbele: Toyota Corolla za kizazi cha 110 zilizoanza mwaka 1995, Toyota IST iliyoanza mwaka 2002, Vitz, Noah. Lakini si yote. Toyota Mark II ya GX100 ina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini. Hali kadhalika Hiace. Anayeomba "shokapu ya mbele" bila kutaja gari lake hajasema jambo kamili.

Majina ya sehemu zake

*springi*: koili ya chuma inayobeba uzito. Neno la zamani *kamani*, lenye asili ya Kiajemi na maana ya upinde, hutumika zaidi kwa saa na mitambo midogo.

*fimbo*: chuma king'aavu kinachoingia na kutoka mtungini. Wengine huiita *shafti*.

*sili*: raba mdomoni mwa mtungi inayozuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie.

*mauntingi*: kitako cha raba na chuma kinachoifunga straati kwenye bodi, aghalabu kwa nati tatu zinazoonekana boneti ikifunguliwa. Ndani yake au chini yake mna *beringi* inayoiruhusu straati kugeuka na usukani.

*kava ya vumbi*: mfuko wa raba au plastiki unaoifunika fimbo.

*raba ya kizuizi*: kipande kinene cha raba au sponji kinachozuia chuma kisigonge chuma straati ifikapo mwisho wa mwendo wake.

*boljointi*: kifundo kinachounganisha mkono wa chini na kipande kinachobeba gurudumu. Si sehemu ya straati, lakini hulaumiwa kwa makosa yake, nayo straati hulaumiwa kwa makosa ya boljointi.

*stebilaiza linki*: kijiti chenye vifundo viwili kinachounganisha fimbo ya kuzuia kuyumba na straati au mkono wa chini.

Vitenzi vya ugonjwa

Dereva hafiki gereji na istilahi. Hufika na kitenzi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza ugonjwa wa gari, na kila kimoja chaelekeza mahali pake. Mwenye kuvitofautisha humwokolea fundi muda na huokoa fedha zake mwenyewe.

*kudunda*: kupanda na kushuka mara nyingi kama mpira. Gari likidunda baada ya tuta moja, shokapu zimechoka.

*kugonga*: kutoa mlio mzito wa chuma kwa chuma. Aghalabu si shokapu, bali stebilaiza linki, boljointi, bushi za mkono wa chini au mauntingi. Gari lenye shokapu mpya laweza kuendelea kugonga kama lilivyogonga jana.

*kulia*: kutoa sauti nyembamba ya kusuguana. Mara nyingi ni bushi zilizokauka. Ikiwa sauti husikika gari limesimama na usukani ukizungushwa, hasa kama springi yaonekana kujipinda na kuruka ghafla, chunguza beringi ya mauntingi.

*kuyumba*: kulala upande mmoja hadi mwingine penye kona au upepo wa lori lipitalo. Huweza kuwa shokapu, na huweza kuwa upepo mdogo wa tairi; anza na tairi.

*kuvuta*: kuelekea upande mmoja usukani ukiachiwa. Hili ni la alaimenti, tairi au breki kabla ya kuwa la shokapu.

*kutetemeka*: husemwa juu ya usukani. Ukitetemeka katika mwendo fulani tu, mathalani kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, magurudumu yahitaji balansi.

*kuinama*: pua ya gari kushuka sana breki zikikanyagwa. Ni ishara ya shokapu za mbele kuchoka, wala si jambo la starehe tu. Tairi linalodunda huacha kuishika barabara kwa vipande vya sekunde, na tairi lisilogusa lami halifungi breki.

Kanuni ya matumizi yatokana na hayo: gereji sema kitenzi, usiseme sehemu. "Gari linagonga kushoto nikipita taratibu kwenye mashimo" ni maelezo. "Nibadilishie shokapu" ni hukumu iliyotolewa kabla ya shauri kusikilizwa.

Mazingira yanayoichosha: mfano wa Mpemba

Mpemba inayozungumziwa hapa ni ile ya Tunduma, mkoani Songwe, wala si mtu wa kisiwa cha Pemba. Ni njia panda: barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na hapo ndipo huchepuka barabara ya Ileje iendayo Isongole, mpakani na Malawi, takriban kilomita 50, ambayo siku hizi ni ya lami. Gari moja la mahali hapa huweza kuonja kwa siku moja aina zote za adha ya straati: lami iliyokandamizwa na malori yaelekeayo mpakani hadi ikafanya mifereji, matuta na rasta za kupunguza mwendo penye makazi, na njia za vijijini zenye vumbi kiangazi na makorongo masika.

Kila kimoja hudhuru kwa namna yake. Mifereji ya lami huvuta magurudumu na kuchosha bushi na boljointi. Tuta likipitwa kwa kasi huigotesha straati hadi raba ya kizuizi. Rasta, kwa mitikisiko mifupi iliyofuatana, huyatia mafuta joto. Lakini adui wa kimyakimya ni vumbi. Kava ikipasuka, mchanga laini hukaa juu ya fimbo. Fimbo ikiingia mtungini, mchanga huikwaruza sili kama msasa. Mafuta huanza kutoka, vumbi likaganda juu yake, na sehemu ya juu ya mtungi ikavaa ukoko mweusi. Kava ni kitu cha bei ndogo, na shokapu ni ya bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukaguzi

Osha kwanza, ndipo uhukumu. Mtungi wenye unyevu mwembamba karibu na sili si lazima uwe umekufa. Ukungu kidogo wa mafuta ni wa kawaida. Safisha, tembea siku chache, kisha tazama tena. Mafuta yakiwa yametiririka hadi chini ya mtungi, hilo ndilo linaloitwa *kuvuja*.

Jaribio la kubonyeza lajulikana na wengi: kandamiza pembe moja ya gari kwa uzito wa mwili, kisha achia. Gari linapaswa kunyanyuka na kutulia. Likipanda na kushuka mara mbili au tatu, shokapu ya pembe hiyo imechoka. Hata hivyo jaribio hili huikamata shokapu iliyokufa tu. Inayougua huweza kulipita. Kwa hiyo pitisha pia kiganja juu ya uso wa tairi. Likiwa na mabonde na vilima vilivyofuatana, shokapu au balansi ina kasoro. Likiwa limelika ukingo mmoja tu, tazama alaimenti.

Watengenezaji wengi hupendekeza ukaguzi wa kina baada ya kilomita 80,000 hivi. Hesabu hiyo ni ya barabara njema. Kwa gari kuukuu la njia za vumbi, kila huduma ya kubadili oili iwe pia siku ya kutazama kava, sili na raba.

Kubadilisha: mambo yasiyosameheka

Kwanza, springi iliyo kwenye straati imebanwa hata gari likiwa juu ya jeki. Nati ya katikati, iliyo juu kabisa ya fimbo, ndiyo inayoizuia isifyatuke. *Usiifungue nati hiyo kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake maalumu, pande mbili zinazokabiliana, hadi iache kuvisukuma vitako vyake.* Kamba na waya si kibanio. Springi ikifyatuka yaweza kuua.

Pili, gari lisimame juu ya stendi imara, wala lisitegemee jeki peke yake.

Tatu, weka alama mahali mtungi unapokutana na kipande kinachobeba gurudumu kabla ya kulegeza zile bolti mbili nene. Katika magari mengi, nafasi ndogo ya bolti hizo hubadilisha ulalo wa gurudumu. Hata alama ikiwekwa, kazi haijaisha hadi alaimenti ipimwe.

Nne, badilisha kwa pea. Shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari liitikie breki na kona kwa namna mbili.

Tano, usiishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mmoja mdogo utaikata sili mpya ndani ya muda mfupi.

Sita, usiiache kaliper ya breki ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Mwishoni rudisha mpira wa breki na waya wa sensa kwenye vishikizo vyao, visije vikasuguliwa na tairi.

Saba, ncha ya springi ikae kwenye bonde lake katika kitako cha chini, na bolti zinazopita katika bushi za raba zikazwe kikamilifu gari likiwa limekanyaga chini, ili raba isibaki imepindika.

Maneno yanayopotosha

*kujaza gesi*, *kujaza mafuta*: Baadhi ya straati za zamani zina nati kubwa mdomoni mwa mtungi, hizo hufunguliwa kihalali na kutiwa moyo mpya. Straati nyingi za sasa zimefungwa kiwandani moja kwa moja. Kuzitoboa, kuzijaza na kuzichomelea hakurudishi vali zilizolika wala sili iliyokatika, na moto wa kuchomelea huunguza kilichosalia. Muulize fundi: "Hii hufunguka, au inatobolewa?" Jibu litakuonesha ununuacho.

*kunyanyua gari*: Husemwa juu ya kuweka raba kati ya koili za springi au kipande kinene juu ya mauntingi. Raba kati ya koili huzizuia koili mbili zisifanye kazi, na mzigo wote huhamia kwa zilizobaki. Kipande cha juu hubadilisha mkao wa boljointi na wa jointi za ekseli. Gari hunyanyuka, lakini shokapu haijaponywa.

*mpya*: Katika maduka ya spea, shokapu iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani huweza kuitwa "mpya" kwa maana ya kwamba haijatumika hapa nchini. Neno sahihi ni *mtumba*. Mtumba si lazima uwe mbaya, lakini bei yake iwe ya mtumba, na fimbo ikishindiliwa kwa mkono irudi kwa mwendo wa polepole na wa sawasawa, au isipokuwa ya gesi, isirudi kwa mruko.

*kulia* na *kushoto*: Pande za gari huhesabiwa kwa dereva aliyeketi akitazama mbele, si kwa mtu aliyesimama mbele ya boneti. Straati za kulia na kushoto mara nyingi hazibadilishani. Nchini mwetu, ambako usukani uko kulia, usemi usio na utata ni *upande wa dereva* na *upande wa abiria*.

Mifano ya matumizi

*Nipatie straati ya mbele ya Corolla 110, upande wa abiria, pamoja na mauntingi na kava ya vumbi.*

*Shokapu hizi zimechoka lakini hazijavuja.*

*Gari linadunda, haligongi.*

*Baada ya kufunga shokapu mpya, alilipeleka gari kupimwa alaimenti.*

Katika upatanisho wa kisarufi, andika *shokapu imekufa*, *shokapu zimekufa*. Umbo *mashokapu yamekufa* lasikika sana katika mazungumzo, nalo halipotoshi maana. Katika maandishi rasmi, ngeli ya i-/zi- ndiyo iliyozoeleka. Kitenzi *kufa* hapa ni cha sitiari na kimekubalika. Hakina nguvu ileile kama *kuchoka*: iliyochoka bado hutuliza kidogo, iliyokufa haitulizi kabisa.

Angalia pia: *alaimenti*, *boljointi*, *bushi*, *ekseli*, *kamani*, *springi*, *usukani*.